Kifaransa Katika Shamba la Pareto

Mpendwa mama,

Nyumbani nilikuita baba, maana kwa Kigusii baba ndiye mama. Lakini barua hii naiandika kwa Kiswahili ili wajukuu wako waliozaliwa mijini waisome, nao wangedhani namwandikia mume wako. Kwa hiyo leo vumilia kuitwa mama.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kidato cha sita, na darasa letu la Kifaransa lilikuwa na wasichana watatu tu. Aliyetufundisha alikuwa sista mmoja kutoka Kanada, mrefu, mwenye kikohozi. Januari ile tuliporudi shuleni tukaambiwa amerudishwa kwao kwa matibabu na hakuna wa kushika nafasi yake. Mwalimu mkuu akatushauri tuhamie Jiografia. Wenzangu wawili walihama siku iyo hiyo. Mimi niliomba ruhusa nije nyumbani Jumamosi nikuulize.

Kigusii nilizaliwa nacho, na Kiingereza nilikipata kwa kiboko. Kifaransa ndiyo lugha ya kwanza niliyoichagua mwenyewe. Sikutaka kuiacha.

Baba mdogo alikuwepo siku hiyo. Alikuwa karani mjini Kisii, na tangu baba afariki yeye ndiye aliyeamua mambo ya masomo yetu. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza nitazungumza na Mfaransa gani hapa Nyamache, akasema nihamie Jiografia mambo yaishe. Wewe uliendelea kumenya ndizi. Jumatatu asubuhi ulivaa gauni lako la kanisani, tukashika njia pamoja hadi shuleni.

Hukujua Kiingereza, na Kiswahili chako kilikuwa cha salamu tu. Ulisimama mbele ya mwalimu mkuu ukanitaka nitafsiri kila neno bila kulipunguza.

“Mwulize,” ulisema, “siku ya mtihani, ataulizwa mtoto au ataulizwa mwalimu?”

Niliona haya, lakini nilitafsiri. Mwalimu mkuu akacheka kidogo. Akasema nitajisomea mwenyewe hadi mtihani wa majaribio wa muhula wa pili. Nikianguka, basi.

Sista alikuwa ameacha kamusi, kitabu cha sarufi na rundo la magazeti ya zamani. Shuleni nilivisoma kimya maktabani. Lakini mtihani ulikuwa na sehemu ya mazungumzo, na kwa hiyo nilihitaji mtu wa kunisikiliza. Likizo ilipofika, mtu huyo ukawa wewe.

Tulichuma maua ya pareto, wewe mstari wako na mimi wangu, huku nikisema Kifaransa kwa sauti. Hukuelewa hata neno moja, ila nilipobabaika ulijua. Ulisema nimekwama, nirudi nyuma nianze tena, na hukuinua hata kichwa. Nilikasirika mara nyingi. Siku moja nikakuambia kwamba mtu hawezi kusahihisha lugha asiyoijua.

“Lugha siijui,” ulisema. “Wewe nakujua.”

Nikaanza tena. Baadaye ukawa unadai majina ya vitu: jembe, mvua, yule kuku mkorofi, hata pareto yenyewe. Neno la pareto nililitafuta kwenye kamusi mpaka nikatoka jasho. Ni pyrèthre. Ulijaribu kulitamka mara mbili, ukaliacha, ukasema Wafaransa wameliharibu ua letu.

Majaribio nilipita. Mtihani wenyewe wa mazungumzo ulifanyika Kisumu. Wanafunzi wa shule kubwa walikuwa wameketi barazani na walimu wao, wakikumbushwa hili na lile. Mimi nilikuwa peke yangu na kamusi ya sista. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza juu ya Paris, lakini mtahini, mzee wa miwani, hakuuliza habari za Paris. Aliuliza kwetu watu huamkia kazi gani. Mama, nilimpeleka shambani. Nilimweleza jinsi ua linavyoshikwa kwa vidole viwili, jinsi linavyoanikwa mkekani, na jinsi mama yangu anavyosikia sauti ikikwama hata kama haelewi maneno. Aliweka kalamu chini. Muda wangu ulikwisha naye bado anauliza, si kwa ajili ya alama tena.

Matokeo yalipotoka, mwalimu mkuu alimtuma mtu na barua hadi nyumbani. Katika Kifaransa nilikuwa nimepata alama ya juu kabisa. Nilikusomea, ukanitaka nisome tena. Kisha ukanawa miguu, ukafunga kitambaa, ukaenda soko la Nyamache bila kapu wala kitu cha kuuza. Ulikwenda ili uulizwe. Kila aliyeuliza kwa nini umekuja mikono mitupu alipewa habari yote tangu mwanzo. Jioni baba mdogo akaja mwenyewe, akakaa, akaomba nimsalimie kwa Kifaransa. Nilimsalimia. Alijaribu kuitikia, ulimi ukakataa, tukacheka wote watatu.

Mwaka uliofuata shule ilipata mwalimu mpya wa Kifaransa, na wasichana kumi na mmoja waliandikisha majina. Miaka michache baadaye, nilipomaliza chuo kikuu, mwalimu wa somo hilo pale nikawa mimi. Ulikuja siku moja ukasimama dirishani ukinisikiliza, na hukuniambia nimekwama.

Sasa nimestaafu, na miaka mingi imepita tangu ututoke. Nikikukumbuka, kinachonijaa kifuani si huzuni tena, ni furaha ya mtu aliyeshinda, nami sijawahi kuona kwamba ushindi ule ulikuwa wangu peke yangu. Mwezi uliopita wanafunzi wangu wa zamani waliniandalia chakula mjini Kisii. Mmoja akaniuliza ni mwalimu gani wa Kifaransa aliyekuwa mkali kuliko wote kwangu. Nikasema ni mama yangu. Walistaajabu kwamba enzi zile, huko Nyamache, kulikuwa na mama aliyejua Kifaransa.

Mama, sikuwasahihisha.

Kaa salama huko uliko, nasi huku tuko wazima.

Binti yako wa kwanza,
Kerubo