Kitabu Kisichokuwepo Rafuni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na kikohozi cha Baba kimemwachia alale. Huku sisi ni wazima wa mwili. Kitinda mimba wako hajambo, amenenepa kidogo, na bado anakoroma vilevile. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja, kwa hiyo akikataa usimsikilize. Mimi nami mzima, ila roho yangu iko mkononi, na utaniwia radhi nikiingia kwenye habari kabla sijawasalimu majirani. Kama unasoma umesimama jikoni, tafadhali zima moto kwanza, uketi.

Unajua kwamba niliajiriwa kupanga mafaili. Kazi yangu ya pili sikuwahi kukueleza, maana niliapishwa nisimwambie mtu. Mkurugenzi wetu ana rafu ndefu ya vitabu nyuma ya kiti chake, na kila mgeni akiingia huisifu. Kila Ijumaa hula chakula cha mchana na wakurugenzi wenzake, na desturi yao ni kila mmoja kueleza alichosoma. Sasa yeye, masikini, akifika ukurasa wa pili anasinzia. Siku moja alinikuta nasoma riwaya wakati wa mapumziko, akaniuliza inahusu nini. Nikamsimulia, akasahau kwenda kwenye kikao. Basi tangu hapo kila mwisho wa juma natoka ofisini na mfuko wa vitabu: riwaya au hadithi fupi, kimoja cha uongozi, na kimoja cha namna ya kuishi na watu, yaani jinsi ya kuongea, kusikiliza na kuomba radhi. Jumatatu asubuhi anafunga mlango, anajimiminia chai, namsimulia vyote. Wenzangu wanadhani huwa nasemwa kwa ajili ya mafaili yaliyopotea, na wananionea huruma kweli.

Ulinipa jina la Kasuku kwa kuwa nilikuwa narudia kila neno nililosikia. Haya, Mama, sasa Kasuku analipwa mshahara.

Mwanzoni nilifurahia. Riwaya anazipenda mno. Kuna mjane mmoja wa kwenye hadithi alimliza mpaka akajifuta macho kwa tai. Vitabu vya kuishi na watu navyo vilitupa vichekesho. Nilimwambia kimoja kinasema umtazame mtu machoni unapoongea naye, nikasahau kuongeza kwamba kupepesa kunaruhusiwa. Juma lile zima alimkodolea mhasibu macho, mhasibu wa watu akawa anazunguka kupitia mlango wa nyuma ili wasikutane.

Vitabu vya uongozi ndivyo vilivyoniharibia furaha. Mkurugenzi si mtu wa kelele. Anatabasamu, anaongea chini chini, na akikuita "ndugu yangu" ujue uende ukakusanye vitu vyako mezani. Jumatatu moja nilimsimulia kwamba mwandishi anasema tunda bovu litolewe kikapuni mapema. Juma halikuisha, mlinzi wa getini hakuwepo tena, yule aliyekuwa akinigawia nusu ya gazeti lake. Alikuwa amesinzia zamu moja tu. Nilipouliza, nikaambiwa Mkurugenzi alisema maneno fulani ya kikapu na tunda. Mama, yalikuwa maneno yangu! Hata nilivyoyapamba, aliyasema vilevile. Tokea siku hiyo nikishika kitabu cha uongozi nakifungua kwa woga, kwa sababu sijui safari hii nitamfukuzisha nani.

Mwezi uliopita yakanifika ya kunifika. Katika chumba cha kufungia mizigo lebo za wateja wawili zilibandikwa kinyume, mzigo wa huyu ukaenda kwa yule, na mteja mkubwa akapiga simu akifoka. Chumba hicho ndimo anamofanya kazi kitinda mimba wako. Hapa kazini tulikubaliana tujifanye hatujuani, watu wasije wakasema tunabebana, kwa hiyo Mkurugenzi hajui kwamba ni mdogo wangu. Na lebo zile, Mama, ni yeye aliyezibandika. Alinieleza mwenyewe nyumbani, uso ameuficha kwenye mto.

Mkurugenzi akanipa kitabu cha uongozi kwa mkono wake, akasema anataka kusikia kiongozi hufanyaje likitokea jambo kama hilo. Nikakisoma chote. Kilisema wazi kwamba tawi likioza likatwe lote, usipoteze muda kuchagua majani. Maana yake chumba kizima, akina mama wenye watoto, wazee waliobakiza kidogo wastaafu, na huyu wetu.

Jumatatu niliingia kwake na kitabu mkononi. Nilikusudia kusema kilichoandikwa, kwa kuwa niliogopa asije akakifungua mwenyewe akanikamata. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikajisikia nikimwambia kwamba hicho hakina kitu, ila nyumbani ninacho kingine, cha zamani, kimetoka jalada, kinachomhusu mpishi mkuu wa shule ya bweni. Nikamsimulia kwamba siku moja chakula cha shule nzima kiliungua. Mkuu wa shule akaja jikoni, wapishi wote wakasimama wakingoja mtu afukuzwe. Mkuu mwenyewe akachukua sahani, akajipakulia kilichoungua, akala mbele yao hadi akamaliza. Kisha akauliza nani alikuwa kwenye sufuria, na anahitaji nini ili kesho kisiungue tena. Nikamalizia kwa kusema kitabu kinafundisha kwamba mkubwa ndiye wa kwanza kula kilichoungua.

Aliiacha chai yake mezani. Halafu akainuka, akaenda chumba cha mizigo, akavua koti, akafunga upya mizigo iliyorudishwa, pamoja na wafanyakazi, hadi saa za kutoka. Akawauliza wanahitaji nini. Wakatazamana, mmoja akajikaza akasema taa, maana ile ya juu ya meza ya lebo ilikufa siku nyingi na wanabandika kwa kukisia. Taa ikaletwa kesho yake, wala hakufukuzwa mtu. Mdogo wangu alirudi nyumbani analia na kucheka, akanisimulia mwanzo hadi mwisho, nami namwitikia tu, ehe, ehe, kama vile ndiyo kwanza nasikia.

Laiti ingeishia hapo. Ijumaa ilipofika akawasimulia wenzake, nao wakashikilia wanataka kukiona kitabu. Akaanza kuniuliza kinaitwaje na nani kakiandika. Nikamwambia nimemwazima mtu. Baadaye nikamwambia mtu huyo kasafiri. Njia ya mwongo ni fupi, Mama, na yangu imefika ukutani. Jana aliniita, akafunga mlango, akatabasamu, akaniita ndugu yangu. Wallahi nikajua ni zamu yangu. Kwa hofu ile nikaropoka kwamba mwandishi ni mama yangu mzazi, na nakala ni hiyo moja tu, iko kwake. Akafurahi kupita kiasi. Amesema Jumamosi hii anakuja kwako kwa gari lake, akusalimu na kukiona kitabu kwa macho yake.

Hapa nadhani umeshaelewa kwamba jiko nililolisimulia ni lile la shule ulimokuwa mpishi mkuu, na umeanza kukasirika. Una haki. Mimi najua mambo yalivyokwisha, kwa sababu nilikuwa nimekaa juu ya gunia mlangoni nikikungoja tuondoke. Mkuu wa shule hakula chochote. Alionja ncha ya kijiko, akatema, akauliza ni nani. Aliyekiunguza ni msaidizi wako, ambaye ndiyo kwanza alikuwa na kichanga, nawe ukasema ni wewe. Ukapakua kilichoungua, ukala umesimama, huku mkuu akikuambia kesho usije. Tulirudi nyumbani aproni umeikunja kwapani. Ukaitundika nyuma ya mlango wa chumba chenu, na hadi leo hujawahi kulitaja jambo lile mbele yetu.

Sahani yako, Mama, nimeitoa mkononi mwako nikampa yeye. Aliyekufukuza nimemfanya shujaa, kwa kuwa niliona Mkurugenzi hataiga mpishi, ataiga mkuu. Imefanya kazi, na ndilo linaloniuma.

Barua hii nimeichana mara kadhaa. Ya kwanza nilikuomba useme kitabu kimeliwa na panya. Nyingine nikakuomba ukubali kwamba yule bwana mkuu wa shule alikuwa mtu mwema. Nilipofika kwenye jina lake kalamu ilikataa, nami nikalia kwa hasira. Siwezi kukuomba umsifu. Lakini ukisema kweli, huenda Jumatatu mimi na mdogo wangu tukawa mlangoni kwako na masanduku, na wale wa chumba cha mizigo sijui watakuwa mlangoni kwa nani. Naogopa ukisema, naogopa ukinyamaza. Mdogo wangu hajui lolote, anaimba hapa anapiga pasi nguo zake za kazi.

Kwa hiyo sikupangii la kusema. Akikuuliza kitabu kiko wapi, kama aproni bado iko nyuma ya mlango, mwonyeshe hiyo. Akikuuliza mwisho wake ulikuwaje, mwisho ni wako, umalizie utakavyo. Baba naomba akae mbali na mazungumzo, maana akishaanza kumtaja yule mkuu wa shule tutaaibika sote.

Nimemkabidhi barua hii dereva wa mizigo, ili ikufikie kabla yetu. Nami nitakuwemo garini, kiti cha mbele, kwa sababu Mkurugenzi amesema nimwelekeze njia. Utakapofungua mlango, Mama, mtazame yeye kwanza. Ukinitazama mimi nitashindwa kushuka.

Nisalimie Baba, na jirani wa cherehani, umwambie gauni lilinikaa vizuri. Kitinda mimba wako anakusalimu sana, anasema umwekee nafasi ya kulala mwisho wa mwezi.

Ni mimi mwanao,
Kasuku