Kaka Yako Alikusikia

Lyamkena, Makambako,
Mkoa wa Njombe.
3 Agosti 2025.

Mpendwa shemeji Elius,

Kamwene. Unaendeleaje huko Turku? Mkeo na watoto hawajambo? Nimesikia kwenu sasa ni kiangazi, jua linakawia kuzama. Huku kwetu baridi ya mwaka huu haina huruma. Kule kijijini Mdandu umande uliganda mpaka majani ya viazi yakaungua. Mimi mwilini sina ugonjwa, ila nikikuambia sijambo nitakuwa nimekudanganya.

Binti yetu Judith amerudi Manda shuleni anakofundisha. Alitaka kuomba ruhusa akae nami zaidi, nikamkatalia, maana wanafunzi wake wa kidato cha nne wana mtihani mwaka huu. Kila jioni ananipigia kuniuliza nimekula nini. Wakati mwingine nataja chakula ambacho sikukipika.

Siku ya mazishi ya kaka yako, wifi Beatrisi alinishikia simu sikioni nikakusikia unalia, nikashindwa kutoa neno. Tafadhali usidhani nilikukataa. Sauti haikutoka tu.

Sasa nikueleze kwa nini nimeamua kuandika badala ya kupiga. Wiki iliyopita Beatrisi alikuja kunitazama kutoka Njombe. Tulikuwa tunachambua mboga, akaniambia ulichomwambia: kwamba kaka yako amekufa akiwa na hasira na wewe, kwamba Jumapili ile ulimwita dakika arobaini naye akanyamaza. Niliweka kisu chini. Shemeji, si kweli. Mimi nilikuwepo chumbani. Naomba usome mpaka mwisho, hata kama kuna mahali utanichukia.

Unajua jinsi Hilary alivyokuwa. Mama yenu Telesia alipofariki na wewe hukuja, aliapa mbele ya ndugu kwamba hatapokea simu yako tena, na miaka minne hakupokea. Nilimsihi, mchungaji alimsihi. Ukipiga, alikuwa anaiangalia simu mpaka inyamaze, halafu anatoka nje kwenda kuangalia kuku.

Beatrisi alipomletea habari kwamba huko uliko umepata leseni ya redio na unajenga mtambo wako mwenyewe, alitoka kwenda kuangalia kuku. Baada ya siku mbili nilimkuta na miwani puani mbele ya kompyuta ya Judith. Aliniambia kuna watu duniani wanagawa bure michoro ya redio na programu zake, kila mtu ajenge na kurekebisha apendavyo. "Sisi relini tulikuwa na redio kubwa kama kabati," alisema. "Hii ni kibao tu. Kazi yote inafanywa na programu ndani ya kompyuta."

Nikamuuliza kama ni ile ile uliyojenga wewe. Akasema ndiyo. Nikamwambia, "Si uliapa?" Akajibu, "Niliapa juu ya simu. Redio si simu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Tangu mwaka jana mwezi wa tisa chumba cha Judith kikawa karakana. Alilehemu kwa mikono inayotetemeka, akikosea anafumua anaanza upya. Alizungushia waya wa shaba kwenye viduara vidogo vyeusi, akihesabu kwa Kibena, na ole wangu nimsemeshe katikati ya hesabu. Waya wa antena aliufunga kutoka kwenye paa mpaka kwenye mlingoti ulio nyuma ya choo. Leseni ilipofika aliivalia suti, shemeji, suti ya harusi ya binti wa jirani, akapiga picha ameishika. Siku aliyosikia sauti ya kwanza, mtu wa mbali anasoma namba kwa Kiingereza, aliniita nikiwa na unga mikononi. Sikuwa nimemwona na furaha kama ile tangu astaafu.

Alipofanikiwa kuongea na mtu wa Afrika Kusini na mwingine wa Italia ndipo alipomtuma Beatrisi akuambie mkutane redioni. Jumapili tarehe sita Julai, saa kumi alasiri.

Siku ile tulipotoka kanisani hakukaa kwenye mazungumzo ya nje. Alikula haraka, akakaa mbele ya mtambo saa nzima kabla. Saa kumi kamili kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mstari wa njano, na wewe ukakohoa. Elius, ulikohoa kabla ya kusema, na Hilary akanishika mkono. "Ni yeye," akasema. "Tangu utoto anakohoa hivyo kabla ya kusema."

Ukasema, "Hilary, Hilary, ni Elius. Unanisikia, kaka?" Tulikusikia kama uko jikoni. Akabonyeza, akajibu. Ukaita tena kama hujasikia kitu. Akajibu tena. Dakika arobaini wewe unaita na yeye anajibu, kila mara sauti yake inapanda, mwishoni alikuwa anapiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Ulipoaga, ukasema umeelewa na hutamsumbua tena, alivua miwani akalia. Nilimwambia, "Mpigie simu sasa hivi, mwambie." Akaichukua simu, akaishika muda mrefu, akairudisha mezani. "Nitengeneze kwanza," akasema. "Jumapili ijayo atanisikia." Ningeweza kukupigia mimi mwenyewe. Sikufanya hivyo, kwa sababu nilitaka furaha hiyo iwe yake.

Jumatatu alifungua kibao, akakuta transista ya upande wa kutuma imeungua. Upande wa kupokea ulikuwa mzima. Akaniuliza, "Mama Judith, chumba hiki ulikifagia lini?" Nikamwambia Ijumaa. Akakifunika kibao, akasema, "Ulifagia vizuri." Sikumwelewa.

Jumanne akaenda Njombe kutafuta transista, hakuipata, akanyeshewa na manyunyu stendi. Jumatano alisema kifua kinabana, akakataa kwenda hospitali mpaka asubuhi. Alhamisi alfajiri, nilipokuwa nampashia maji, aliniita mara moja tu. Nilipofika alikuwa ameshakwenda. Tumemlaza Mdandu, ubavuni mwa mama yenu.

Baada ya matanga, watu walipoondoka na nyumba kubaki kimya, nilimwita Davis, fundi simu wa hapa sokoni aliyekuwa rafiki yake, aje aniambie kilichoharibika. Alitazama, akaniuliza kama kuna mtu alichomoa waya wa antena. Akanieleza kwamba ukituma bila antena, nguvu inakosa pa kwenda, inaunguza transista. Hilary alikuwa na desturi ya kujaribu mtambo kila Jumamosi asubuhi. Na Ijumaa, ili nifagie nyuma ya meza, niliuchomoa ule waya. Niliuchomeka tena Jumamosi jioni nilipokumbuka, nikanyamaza.

Kwa hiyo mkono uliowatenganisha ni wangu. Yeye alijua tangu Jumatatu, na neno alilonipa ni kwamba nilifagia vizuri. Nalala na neno hilo, naamka nalo. Kama utanisamehe, sijui. Ila usiendelee kubeba kosa ambalo si lako.

Sijaondoa kitu chochote mezani pale. Davis amesema anaweza kukitengeneza kile kibao. Nimemwambia asubiri, moyo wangu bado.

Beatrisi anakusalimu, na Judith anakuamkia, baba mdogo wake. Wasalimie wote nyumbani mwako, na Mungu aliye karibu na waliovunjika moyo akae nawe huko.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo hasa la barua hii. Maneno aliyokujibu hayakufika, nami niliyasikia yote, kwa hiyo nakuandikia kama alivyoyasema:

"Elius, nakusikia. Nakusikia vizuri, mdogo wangu. Mama hakukulaumu. Siku mbili kabla hajafa alisema, mwambieni Elius asije, amalize kwanza makaratasi yake ya kuishi huko asije akafungiwa mlango. Alinituma mimi nikuambie. Sikukuambia. Nilikuwa na uchungu nikataka uwe na uchungu kuliko mimi. Nisamehe. Elius, unanisikia? Nisamehe."

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye daima,
Fidelia