Kidonge Kisicho na Uchungu

Gitega, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama shikamoo yake. Mimi mzima, ila baridi ya Gitega haijanizoea mpaka leo. Mdogo wangu Emerensiana anaendeleaje? Juzi kwenye simu alisema "niko sawa" kwa ile sauti yake ya kuuma meno, nikajua maumivu ya mifupa yameamka tena.

Nakuandikia kwa sababu simu yako kila tukifika penye maana inazima. Hapa maabara tunapopima dawa imeletwa dawa mpya ya ugonjwa wake wa seli mundu. Chembe za damu yake hujikunja kama mundu zikaziba njia, ndiyo maana anaumia. Dawa hii inazizuia zisijikunje. Muyinga mjini wamefungua kituo cha kuandikisha wagonjwa kwa majaribio. Ana miaka kumi na tisa, anaweza kuamua mwenyewe. Mpeleke, Baba, nakusihi.

Mwanao,
Vumilia

Giteranyi, 2 Machi 2025

Binti yangu Vumilia,

Marahaba, na amahoro, amani ya nyumba hii, yakufikie huko kwenye baridi yako. Sisi wazima wa kujikokota. Maharage yamekubali mwaka huu, migomba ndiyo ina kiburi.

Barua yako nilimsomea mama yako. Nilipofika kwenye "majaribio" akaweka mwiko chini. "Majaribu? Mtoto wangu yumo majaribuni tangu azaliwe, kila siku nasali Baba Yetu usitutie humo, leo dada yake anataka apelekwe kwa baiskeli?" Nikamwambia, mama, majaribio si majaribu. Akaniuliza tofauti iko wapi. Haki ya Mungu, mimi niliyefundisha Kiswahili miaka kumi na moja kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania, nilikosa jibu.

Emerensiana alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Dada ndiye aliyesema? Basi naenda." Tukaenda, wakamwandika. Wametuambia wengine watapata dawa, wengine kidonge kitupu kinachofanana nayo, na hakuna anayejua nani kapata nini. Sasa wewe si uko jikoni kwenyewe? Mchagulie mdogo wako kopo lenye kitu ndani.

Baba yako,
Anatoli

Gitega, 16 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie Mama nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini. Mgongo wake umepoa?

Kopo siwezi kuchagua. Makopo yana namba tu, na orodha ya namba imefungiwa mbali. Hata ningejua, nimeapa na kutia saini kwamba sitasema. Mtu akijua alichopewa, moyo wake unaanza kumponya au kumuua wenyewe, na kazi yote inaharibika.

Ila jambo moja: asitafune! Namjua, kwa kuwa kambini tulisagiwa dawa kwenye uji, mpaka leo hajui kumeza kidonge kizima. Hiki kina ganda la sukari, lakini ndani ni kichungu kuliko mwarobaini. Mimi navisaga hapa ili kuvipima. Vumbi lake likinigusa mdomo, chai hainogi mpaka jioni. Wakemia wamelibadilisha umbo la dawa hii zaidi ya mara mia mbili, na kila walipoupunguza uchungu, nguvu nayo iliondoka. Wakaamua kuufunika tu.

Mwanao,
Vumilia

Giteranyi, 11 Mei 2025

Binti yangu,

Amahoro! Leo sikuulizi hali kwanza, nakupa yetu. Mdogo wako hajalazwa wiki saba. Amepalilia na mama yake bila kuketi. Juzi alikwenda sokoni kwa miguu akarudi na porojo za kutosha kijiji kizima. Mama yako sasa anasema majaribio ni neno zuri sana, na kwamba yeye hakuwahi kusema vingine.

Lakini wewe umeanza uongo lini? Binti anatafuna kama karanga (ulimkataza, lakini huyo nani wa kukatazwa?) na anasema hakina uchungu hata chembe. Ati kama unga wa mhogo. Au wakemia wako wamefaulu wakasahau kukuambia? Nimemwambia nitakuuliza. Kama kuna neno, tuambie.

Vile vidonge vya zamani vilivyokuwa vikimtapisha ameviacha. Kituoni walisema aendelee navyo, lakini mtu havai makoti mawili juani. Vilivyobaki nimempa Donatienne, mke wa Akilimali, yule Mkongomani anayeuza vitenge. Mtoto wao ana ugonjwa huohuo. Akilimali ndiye anayekuletea barua hii. Amesema, "Muzee, mafuta iko shida, lakini barua yako itafika tu."

Baba yako mwenye furaha,
Anatoli

Gitega, 1 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo.

Nimefurahi kusikia Emerensiana ana nguvu. Kuhusu ladha, kila mtu na ulimi wake. Kuhusu vidonge vya zamani, tafadhali arudi kituoni apewe vingine, atumie vyote viwili. Ndiyo sheria ya majaribio. Asiviache.

Kazi ni nyingi, nitaandika zaidi siku nyingine.

Mwanao,
Vumilia

Gitega, 10 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Siulizi hali yenu kwa kuwa nimeiona. Siku zote nilizokaa msibani nililala mkekani na Mama, mkono wake kichwani pangu, na sikuweza kufungua kinywa. Sasa nafungua.

Barua yako ya Mei niliisoma nimesimama mlangoni pa maabara. Nilijua palepale. Dawa hii haina namna ya kukosa uchungu. Mdogo wangu alikuwa anatafuna kidonge kitupu, na dawa iliyokuwa ikimlinda mmeigawa.

Simu ninayo, Baba. Ilikuwa na chaji. Nilifungua jina lako mara nne. Nikachagua barua kwa sababu barua inachelewa, na hata katika barua hiyo sikusema kweli. Akilimali alipokwama hapa na jibu langu akingoja mafuta, nilifurahi. Nakuambia nilifurahi, kwa kuwa kila siku aliyokwama ilikuwa siku ambayo hamjaniuliza tena.

Niliogopa kile kiapo. Niliogopa kufukuzwa. Nikajiambia pia kwamba akijua atakata tamaa, na tumaini ndilo lililokuwa likimtembeza mpaka sokoni. Sababu zangu nilizipanga vizuri sana. Nilipoliona jeneza, hakuna hata moja iliyobaki.

Alhamisi wametutangazia kwamba dawa inafanya kazi. Watu wakapiga makofi. Waliokuwa wakipewa vidonge vitupu wataanza kupewa dawa yenyewe mwezi wa kumi. Nikatoka nje kabla hawajamaliza.

Wakubwa wangu nimewaeleza yote, na watakaloamua na waamue. Wewe nimekuambia mwisho kwa sababu wewe ndiye ninayekuogopa. Sina uso wa kukuomba chochote. Nilitaka tu usiendelee kunilaza kwenye mkeka wa Mama bila kujua umemlaza nani.

Mwanao,
Vumilia

Giteranyi, 21 Septemba 2025

Vumilia,

Marahaba. Mama yako anakula kidogo. Barua yako sikumsomea, nilimwambia ni salamu tu. Ni mara ya kwanza kumdanganya katika miaka thelathini na miwili, na ameamini.

Nimekaa na barua hiyo mwezi mzima. Leo nakujibu, usikilize mpaka mwisho.

Ile yako ya Juni ilitufikia tarehe ishirini. Maumivu yalikuwa yameanza kumrudia, kifuani. Nilimsomea, kisha nikamwambia, "Emere, dada yako hajajibu swali la uchungu, amelizunguka." Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka yote ile, najua mtu anayelizunguka swali. Nikamwambia, "Mimi naona unakula kidonge kitupu. Kesho twende Muyinga ukaombe vile vya zamani."

Akanicheka, mkono kifuani. Akasema, "Baba, wacha wasiwasi. Kingekuwa kitupu, Dada angeniambia."

Nikanyamaza. Ningeweza kumpakia kwenye baiskeli kwa nguvu, mwepesi vile. Sikumpakia, maana alilisema neno hilo kwa raha, na mimi nilitamani liwe kweli. Vile vya zamani hakuvigusa tena. Wiki tatu baadaye tukamzika. Kosa hilo la kunyamaza ni langu, usilichanganye na lako.

Mpaka siku ya mwisho alikuwa anatafuna kile kidonge asubuhi na jioni, na akimaliza anasema, "Asante, Dada." Nadhani unapaswa kulijua na hilo.

Usije kwanza. Nikiweza kuisikia sauti yako, nitapiga simu.

Baba yako,
Anatoli