Saa Nne na Dakika Sita

Jumatatu, 4 Machi
Nimehamishia tovuti ya chuo kwenye folda mpya. Dakika mbili tu! Mbele ya bosi nikajipiga kifua. Baadaye Dada Masjala akapakia orodha mpya ya vyumba vya mtihani.

Jumanne, 5 Machi
Balaa. Wanafunzi arobaini wameingia vyumba visivyo vyao, mtihani ukaanza hawapo. Tovuti ilikuwa inaonyesha orodha ya wiki iliyopita. Bosi akauliza kosa la nani. Nikajibu bila kuangalia: labda Dada Masjala kapakia faili la zamani. Hiyo "labda" niliimeza, haikusikika. Dada akaapa kapakia jipya, tena saa nne asubuhi. Nikamwambia, mbele za watu, kompyuta haisemi uongo.

Jumatano, 6 Machi
Dada kapewa barua ya onyo. Miaka kumi na tisa kazini, barua ya kwanza.

Mchana ndipo nikaangalia. Faili lake limo kwenye folda mpya, limepakiwa Jumatatu, saa nne na dakika sita. Kumbe kosa ni la seva, kompyuta inayoendesha tovuti. Ukurasa wa kuonyesha orodha iliuandaa zamani, ikauhifadhi kwenye kumbukumbu yake pamoja na njia ya folda ya zamani. Mimi nimehama, yenyewe inaendelea kubisha hodi kule kule. Nilitakiwa kufuta kumbukumbu hiyo baada ya kuhama. Haraka haraka haina baraka — nililijua hilo kabla sijaijua kompyuta.

Nikaifuta. Tovuti ikapona. Sikumwambia mtu. Naona aibu hata kuandika.

Alhamisi, 7 Machi
Nimerudisha sahani imejaa. Mke wangu kauliza naumwa wapi. Kichwa, nikasema.

Ijumaa, 8 Machi
Dada Masjala kaja mezani kwangu. Kunishukuru! Eti nimemsafishia uchafu wake. Tangu ile barua, kila faili analifungua mara tatu, kisha anamwita mtunza stoo amsomee tarehe.

"Macho yamenisaliti, mdogo wangu. Ningeapa niliweka jipya."

Anataka nimfundishe kuhakiki, tuanzie na lile la Jumatatu. Nimelifungua kabla sijafikiri. Amerudi masjala kuchukua miwani.

Liko hapa kwenye skrini, orodha mpya kama alivyoapa. Saa nne na dakika sita. Nikifunga dirisha hili hatajua kamwe, atazeeka akiyashuku macho yake. Sijalifunga. Wala sijajua nitaanzaje kusema.

Viatu vyake hivyo, kwenye korido —