Basi Lilirudi Kufuata Kofia

Shoga, bado natetemeka. Basi limeniacha mlimani. Mimi!

Unaikumbuka ile safari ya siku moja ya kwenda kuona ule mto wa barafu mlimani, niliyoilipia kabla mume wangu hajahama nyumbani? Nimeenda peke yangu.

Asubuhi mwongozaji akasema yeye hahesabu vichwa, kila mtu amwangalie mwenzake. "Kila mmoja ana mwenzake?" Basi zima, "Ndiyo!" Na mimi nikaitikia ndiyo. Niliona haya, we acha tu.

Barafu yenyewe ina rangi ya buluu, na inalia kama mlango mkuukuu. Nikageuka nimwambie mtu. Hakuna mtu.

Nikaenda chooni. Natoka, maegesho matupu. Matupu, shoga! Simu haina mtandao. Nusu saa nzima nimesimama kwenye upepo, meno yanagongana.

Mara nasikia basi linarudi. Nikapunga mikono kama kichaa. Mwongozaji anashuka, ananikodolea macho: "Kumbe mama nawe ulikuwa wetu?"

Walikuwa wamefuata kofia. Kofia! Bibi mmoja aliisahau kwenye benchi. Yaani kofia ina mtu wa kuiulizia.

Nikapanda, nikakaa. Mwongozaji, kajawa na aibu, akauliza tena, "Haya, kila mmoja amemwona mwenzake?"

Nikageukia dirishani. Kwenye kioo kuna mwanamke, pua inamchuruzika, ananitazama.

Nikajibu, "Yupo."