Mabenchi Yasiyoazimika

Mama,

Nina hasira na wewe, na hasira njo imenishikisha kalamu. Ungekuwa hai ningekununia siku mbili, halafu ungenipakulia sahani ya sombe na mambo yangeisha. Sasa nitakununia mpaka lini?

Baba Mukubwa amechukua kiti chako.

Siku ya tatu ya kilio, wewe hata udongo wako haujakauka, alifika mbele ya resto yako ya wali na pusupusu mbili, mikokoteni ya kusukuma. Akasema kwa sauti ya kanisani: "Binti yangu, tunaazima viti tu, wageni wasisimame." Nikampa. Viti vyote vya plastiki vya barazani, vile nilivyochagua mwenyewe sokoni, nikivikalia kimoja kimoja mpaka muuzaji akauliza kama nanunua ama napumzika. Na chako juu yake. Kilio kikaisha, viti havikurudi. Nilipouliza, akanijibu mbele ya watu: "Resto ni ya ndugu yangu. Mutoto mwanamuke anauliza nini?"

Ya ndugu yake! Papa alikufa nikiwa tumboni, kabla hujauza hata sahani moja ya wali.

Kuazima. Wakati wa vita nilikuwa mudogo, lakini nawaona bado wale askari wakibeba meza zetu kuelekea bandarini, mumoja amevaa kiti kichwani kama kofia. "Tunaazima, Mama, tutarudisha." Treni ilikuwa haifiki tena, hata musumari haukupatikana, wateja wako walikula wamechuchumaa. Vita ilipoisha ulimwita fundi, ukamuambia achimbie meza sita na mabenchi yake ndani ya sima, ile saruji ya kujengea. Alicheka. Wewe hukucheka: "Atakayetaka kuazima, aazime na nyumba."

Tuligombana miaka yote juu ya zile meza. Mimi sikusomea mambo ya resto, nilijifunza kwa kuangalia namna watu wanavyokaa. Shefu wa ofisi anataka ukuta mugongoni. Wapenzi wanataka kusogeleana. Mwenye tumbo anataka nafasi. Kwako hakuna wa kusogea. Yule muzee wa reli alikuwa analalamika, "Mama, meza yako inanipima tumbo kuliko daktari," nawe unamujibu, "Basi punguza wali." Nilikuita mukaidi. Nilisema unatuharibia kazi.

Mule ndani kiti kimoja tu ulikiacha bila sima, kile chako cha mbao, karibu na mulango. Na kila Baba Mukubwa alipoingia ulisimama, ukampisha. "Shemeji njo mutu wa nyumba." Hapo njo panaponichoma. Askari uliwachimbia sima. Huyu ulimufutia kiti kwa kitenge chako.

Juzi alirudi na vijana wawili na mutaimbo, kuja kung'oa na meza. Walipiga toka asubuhi mpaka jua likafika utosini. Benchi moja likamegeka kona, basi. Wateja walikuwa kwenye mengine, wanakula, hakuna aliyeinuka. Yule muzee wa reli akalamba vidole, akauliza, "Baba, leo unaazima na sakafu?" Resto nzima ikacheka. Baba Mukubwa akajifuta jasho, akasema wewe ulikuwa na wazimu.

Unisamehe, Mama. Nilimujibu: "Ndiyo. Na huo nimeurithi mimi, hauingii kwenye pusupusu."

Waliondoka mikono mitupu. Nikapakua wali, nikahudumia watu, nikaenda jikoni nikalia, moshi ukapata lawama. Kwa sababu juu ya zile meza ulikuwa na haki, na miaka yote hiyo sikukuambia hata mara moja. Na wewe ulikufa haraka hivyo, ulikuwa unakimbilia wapi?

Haya. Pumzika, mukaidi wangu. Jumapili, watu wakitoka kwenye misa, nitaenda kwake na wanawake wote waliokulilia, nidai kiti chako majirani wakisikia. Nakuahidi kitarudi. Nitakiweka palepale mulangoni, nichimbie miguu yake yote minne, na shemeji akija atakaa kwenye benchi, tumbo lake lipimwe kama la wengine.

Mufuko wa sima nimeshanunua. Njo nimeukalia hapa, nakuandikia.