Kaski ya Mwajuma na amande isiyopungua

Jumamosi, Rumonge. Mvua imenyesha asubuhi yote, ikakatika adhuhuri, na sasa ziwa liko na rangi ya udongo mpaka kule mbali ambako milima ya Kongo imejificha. Nimekaa barazani kwetu, miguu juu ya ndoo, simu iko na chaji kidogo. Pikipiki iko ndani, nimeifunika turubai kama mgonjwa.

Leo motari bora wa barabara hii, bingwa wa kubeba abiria kwa pikipiki, ametembea kwa miguu.

Wanaonijua wanajua sisemi uongo nikisema bora. Kutoka hapa mpaka Magara najua kila shimo na tabia zake. Shule niliiacha darasa la tisa, au shule iliniacha mimi, mpaka leo hatujakubaliana, lakini barabarani mimi ni profesa. Madereva wa malori ya mawese wananipigia honi kwa heshima. Sawa, wengine wananipigia ili nitoke njiani. Honi ni honi.

Basi wewe unayesoma bure, ngoja nikueleze profesa alivyokamatwa. Lakini lazima nianze na Mwajuma, maana bila Mwajuma hakuna kosa.

Mwajuma ni mtoto wa hapa hapa, mtaa wetu wa Waswahili. Alikuwa ananunua ndagala, dagaa wa ziwa, Magara asubuhi, wavuvi wakitoka majini, halafu anakuja kuziuza sokoni Rumonge. Nani alikuwa anampeleka na kumrudisha? Usiniulize. Na sheria inataka motari awe na kaski mbili, zile kofia ngumu, moja yake na moja ya abiria. Mwajuma aliikataa ile ya abiria. Akasema inanuka vichwa vya watu asiowajua. Akaenda nayo kwao, akaiosha, akaishonea ndani kitambaa cha kitenge cha kijani, kwa mkono wake, akanirudishia. "Sasa hii iko kaski ya binadamu," akasema.

Tangu siku hiyo ikawa yake. Abiria wengine nilikuwa nawapa nyingine, kuukuu, iliyokatika kamba. Hiyo kuukuu mtu akaiiba sokoni, Mungu amsamehe, inanuka. Mimi sikununua nyingine. Nikawa naning'iniza ya Mwajuma kwenye mkono wa pikipiki, na abiria wanapanda vichwa wazi.

Kisha Mwajuma akaondoka. Mjomba wake wa Nyanza-Lac alikuja kumchukua amsaidie dukani, na mtoto wa dada hamkatalii mjomba. Nilimwambia, "Nenda tu, nitakuja kukuulizia nikiwa na pikipiki yangu mwenyewe, si hii ya bosi." Maneno makubwa. Mimi na maneno makubwa ni ndugu wa baba mmoja.

Unajua ninachokikosa zaidi? Si uso wake, maana akiwa nyuma sikuwa nauona. Ni ngumi yake. Nikikimbia sana alikuwa ananigonga mgongoni kwa ngumi ndogo, mara mbili, bila kusema kitu, nami nikapunguza mwendo. Siku hizi naendesha polepole mwenyewe. Hakuna wa kunigonga, na bado napunguza.

Na ile kaski, ndiyo, nikiwa peke yangu ninainusa. Iko na mafuta ya nazi, na ndagala kwa mbali. Cheka. Ingekuwa ni wewe ningecheka pia.

Alhamisi alinipigia simu. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu aliyejificha nyuma ya magunia.

"Jumapili wanakuja watu wa Kigoma kuniulizia uchumba kwa mjomba. Mimi bado sijasema neno. Kama wewe uko na lako, ulilete kabla mjomba hajatoa lake."

Mtu mwenye akili angesema, nakuja. Mimi nilisema nitakuja na pikipiki inayong'aa mpaka hao wageni wavae miwani.

Hakucheka. Alisema, "Sawa," akakata.

Ijumaa asubuhi nikasema nitafute pesa ya esanse, mafuta ya pikipiki, ya kwenda Nyanza-Lac. Pale Magara nikampakia mama mmoja mnene, mwenye beseni la samaki. Akanyoosha mkono kwenye kaski. Nikamwambia hiyo iko na mwenyewe. Akanitazama, akafunga kilemba vizuri, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Kwenye kona, chini ya michikichi, alikuwa amesimama afande wa roulage, polisi wa barabarani, mwanamke, umri wa shangazi, anatafuna karanga. Akanyoosha kidole kimoja. Kimoja tu.

"Amahoro, kijana. Uko na kaski ngapi?"

"Mbili, afande."

"Na huyu mama nyuma yako ni abiria ao ni mzigo?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mwenyewe akajibu. "Alininyima, afande. Niliiomba. Akaniambia iko na mwenyewe. Mimi nikafikiri ni ya marehemu, nikaogopa."

"Mwenyewe iko wapi?" afande akaniuliza.

"Nyanza-Lac."

"Kwa hiyo kichwa kiko Nyanza-Lac, kaski iko Magara." Akatema ganda la karanga. "Leta permi."

Hapo ndipo profesa alipokosea, na nataka vijana wasome vizuri. Sisi watu wa ufukweni hatujui kulipa bei ya kwanza. Ukikuta samaki, kwanza unamdharau. Unasema ni mdogo, ni wa jana, macho yake hayako sawa, halafu mwenye samaki anashuka, na wewe unapanda kidogo, mnakutana katikati mkicheka. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikaanza kulidharau kosa.

"Afande, hili kosa lenyewe ni dogo. Angalia kilemba cha mama, kiko kinene kuliko kaski. Nipunguzie. Nihesabie nusu ya kosa."

Akaacha kutafuna. "Nikupunguzie? Mimi ninauza samaki hapa?"

Akaizunguka pikipiki polepole. "Kioo cha upande huu kiko wapi?"

Nilikuwa nimekitoa mwenyewe, pikipiki ipate sura. "Afande, hicho si lazima sana, mimi niko na macho mazuri," nikasema. Akaandika. Nikamwambia taa ya nyuma inawaka ukiigonga. Hakuwa ameniuliza kuhusu taa. Akaigonga, haikuwaka, akaandika.

"Endelea kuongea," akasema. "Karatasi bado iko na nafasi."

Mama wa beseni akanivuta shati. "Nyamaza, mwanangu. Makosa unayanunua kwa jumla."

Nikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu.

Nikiri kitu: afande hakunionea. Ndivyo amande, faini za barabarani, zinavyofanya kazi, na mimi profesa sikujua. Bei haiko mdomoni mwa afande. Kila kosa liko na bei yake, ilipangwa huko juu, ni moja kwa mtoto wa tajiri na kwa mimi. Bila kaski, bei yake. Bila kioo, bei yake. Taa, bei yake. Haipungui ukilia wala haipandi ukiwa na sura mbaya. Kinachopanda ni idadi ya makosa, na hiyo niliipandisha mwenyewe. Wanakushikia permi, leseni yako, wanakupa karatasi ya kukufikisha nyumbani tu, unalipa banki, unarudi na bordero, risiti ya banki, unarudishiwa permi. Ukilipa, kesi imekwisha, humuoni jaji wala nani. Ukitaka kubisha, nenda kwa jaji ukabishe huko. Ukikaa tu bila kufanya kitu, ndipo inapoanza kukua.

Kitu kimoja tu hakiko kwenye hiyo karatasi. Hakuna mahali pa kuandika ni kwa nini. Kuna jina, kosa, pikipiki. Sababu haina mstari wake. Nilitaka sana kuwe na mstari, hata mfupi.

Mama akapanda pikipiki ya mwenzangu aliyekuwa anapita. Akavaa kaski bila kuuliza ni ya nani, akanipungia mkono.

Baada ya sala ya Ijumaa nikaenda banki. Foleni ilikuwa imetoka mpaka nje, na nilipokaribia dirisha dada wa dirishani akasema reseau imepotea, mtandao hakuna, mrudi kesho. Leo asubuhi nikarudi, nimelowa mvua, nikalipa. Pesa ya esanse ikaenda na maji. Nikaipeleka bordero kule wanakoshika permi, mbio, nimeificha ndani ya shati isilowe. Kijana wa pale akaniambia anayezitunza permi hayuko, ameenda kwenye arusi.

"Rudi Jumatatu, mukubwa."

Jumatatu. Jumatatu mjomba atakuwa ameshatoa neno lake.

Nilifikiri niende hivyo hivyo, bila permi. Wewe pia ulifikiri, usikatae. Lakini mpaka Nyanza-Lac iko barieri ya polisi, na kuendesha bila permi hawakuandikii karatasi ukaondoka. Pikipiki yenyewe inabaki. Na hii pikipiki ni ya bosi, anayelisha watoto wake kwa versement, hesabu ya siku ninayompelekea kila jioni. Nikaifunika turubai. Iliniuma kuifunika, sitasema uongo.

Halafu nikafanya kitu ambacho nilikuwa nakikwepa tangu Alhamisi. Nikaenda kwa baba mkubwa Idi.

Baba mkubwa ni kaka wa marehemu baba. Anashona kanzu karibu na msikiti, na hanipendi sana, yaani ananipenda lakini anajificha. Nilikuwa nimepanga kwenda Nyanza-Lac peke yangu, nitue na pikipiki, nimalize mambo kwa mdomo. Nikiwa nimelowa pale banki ndipo nilipoelewa kwamba hata ningekuwa na permi kumi, mjomba wa Mwajuma asingenisikiliza. Kijana hajisemei kwa wakwe. Anasemewa na mkubwa wake. Hilo nalijua tangu nazaliwa, ila nilidhani mimi niko tofauti.

Nikamkuta anaweka uzi kwenye sindano ya cherehani.

"Umekuja kwa miguu," akasema bila kuinua macho. "Nani amekufa?"

"Hakuna, baba mkubwa."

"Basi umekamatwa."

Nikamweleza yote. Alhamisi, kaski, yule mama, kioo, taa. Nilitaka kuruka sehemu ya kaski, lakini bila hiyo hadithi haisimami. Akasikiliza huku anashona. Nilipofika pale nilipomnyima yule mama, cherehani ikasimama.

"Ulimnyima mtu mzima kaski juu ya kitambaa."

"Ndiyo."

"Na ukailipia banki."

"Ndiyo, baba mkubwa."

Akacheka. Sijawahi kumwona anacheka mpaka miwani inashuka. Nikamuomba anisaidie kesho, aende akanisemee. Akauliza niko na nini cha kuonyesha. Pikipiki si yangu, nyumba ni ya mama, shule haikuisha. Nikatafuta neno kubwa, nina maneno mengi, unanijua. Halikuja hata moja.

"Basi nitasema hilo la kaski," akasema.

Nikamuomba, tafadhali, hilo hapana, watanicheka mbele ya watu wa Kigoma, wale wako na gari lao na biashara ya mawese. Akasema wale watasema walicho nacho, yeye atasema alicho nacho. Na mimi nikae kwenye mkeka, nitazame chini, nikifungua mdomo ananiacha huko huko. Safari hii wanaopatana bei ni wazee, na mahari, tofauti na amande, inashuka na kupanda. Lakini si kwa mdomo wangu.

Kesho baada ya alfajiri tunapanda gari la abiria. Yeye anataka kiti cha mbele, amesema hivyo mara tatu. Gari haliondoki mpaka lijae, na likiondoka linasimama kwa kila mwenye gunia. Hilo ndilo litakaloninyima usingizi leo. Watu wa Kigoma hawasubiri gari lijae.

Nikamuuliza baba mkubwa, je, wakitutangulia? Akasema wageni wa namna hiyo hawaanzi maneno wakifika. Wanasalimiana, wanaulizana habari za safari na za wagonjwa, wanangoja chai. Chai ikishanywewa ndipo mkubwa wao anakohoa na kusema kilichowaleta. Kabla ya chai hakuna lililosemwa, na hata aliyechelewa bado anaweza kuingia, akasalimu, akasemewa.

Kwa hiyo sasa nimekaa hapa, mimi, profesa, nikifikiria birika la chai.

Sijui kama unasomaga huku mtandaoni, Mwajuma. Ulisema naandika kama ninavyoendesha. Mimi sina pikipiki kesho, sina permi, na mdomo wangu nimeuacha kwa baba mkubwa. Lakini tunakuja. Kama gari lao litapiga honi mlangoni kwenu na sisi bado tuko njiani, wewe ndiye unayewasha moto wa chai jikoni.

Kuni zikiwa mbichi, ni nani atakulaumu?